Kupevuka Mapema: Namna ya Kutafsiri na Kutumia Kielezi cha Ukuaji Uliotangulia Umri

Anayetafsiri kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili hakawii kukutana na kielezi precociously. Hukikuta katika wasifu wa wanamuziki na wanahisabati, katika vitabu vya malezi, katika taarifa za madaktari wa watoto, na hata katika maandishi yanayohusu miembe na vifaranga. Maana yake ya jumla si ngumu kueleza: ni kufanya jambo, au kukua, kwa namna inayotangulia umri au majira yaliyozoeleka. Ugumu huanza pale anapotafuta neno moja la Kiswahili la kukaa mahali pake kila panapohitajika, kwa sababu neno hilo halipo, na kwa maoni yangu hatuna haja ya kuliunda. Kiswahili hukikabidhi kitenzi sehemu kubwa ya maana hii, kisha kielezi hufuata kuikamilisha. Kwa hiyo anayeanza kwa kutafuta kielezi huwa ameanzia mwishoni.

Mimi nilijifunza hayo kwa kukosea. Katika miaka ya mwanzo ya kazi yangu niliandika kuhusu mpiga piano mmoja kwamba "alipiga piano kabla ya wakati wake". Msomaji wangu wa kwanza, mwalimu mstaafu ambaye hakuwa na maandishi ya asili mbele yake, aliniuliza kama mtoto huyo alipanda jukwaani kabla ya kuitwa. Alikuwa na haki ya kuuliza, kwani sentensi yangu ilibeba habari ya wakati tu na kuacha habari ya umahiri, ambayo ndiyo mwandishi wa asili aliyokusudia kuieleza.

Tangu hapo, kabla ya kuandika lolote, huigawa maana ya kielezi hiki katika mambo matatu. La kwanza ni kwamba kuna hatua ya ukuaji ambayo watu wanaijua na kuitarajia katika umri fulani au msimu fulani. La pili ni kwamba hatua hiyo imefikiwa kabla ya umri au msimu huo. La tatu, ambalo ndilo hupotea katika tafsiri nyingi, ni kwamba hatua hiyo imefikiwa kweli: kilichotangulia wakati kimetangulia kikiwa kimekamilika, au kinakaribia kukamilika, wala si kibichi kilichochumwa kwa pupa.

Asili ya neno inathibitisha jambo hilo la tatu. Limetokana na neno la Kilatini praecox, lililoundwa kwa prae, yaani kabla, na coquere, yaani kupika, na Warumi walilitumia kwa matunda yaliyowahi kuliko mengine. Hata aprikoti ilipata jina lake kwa njia hiyo, kwa kuwa huiva mapema katika majira ya joto; jina hilo lilipita katika Kigiriki, likaingia katika Kiarabu likiwa al-barquq, kisha likarudi Ulaya kupitia Rasi ya Iberia likiwa limevaa sura mpya kabisa. Msomaji wa Kiingereza wa leo huhitaji kuelezwa undugu uliopo kati ya kupika na kuiva. Sisi hatuhitaji, maana kwetu wali huiva jikoni na embe huiva mtini kwa kitenzi kimoja, na fundi aliyebobea katika kazi yake tunasema ameiva. Mahali pa kuanzia, basi, tunapo tayari.

Kuchagua kitenzi kabla ya kielezi

Vitenzi vitatu vinashindania nafasi hii, navyo havifanani. Mkulima wa migomba anaweza kutufundisha tofauti yake vizuri kuliko kamusi. Mkungu ukishafikia ukubwa wake na ndizi zikajaa, husema ndizi zimekomaa, ijapokuwa bado ni za kijani na haziliwi bila kupikwa. Huzikata, akazivumbika, na baada ya siku chache zikiwa njano na laini husema zimeiva. Kukomaa, kwa hiyo, ni kufikia ukubwa na nguvu. Kuiva ni kuwa tayari kwa matumizi. Kupevuka hukaa kati ya viwili hivyo na kuelekea zaidi upande wa utimilifu wa ndani, ndiyo maana mwezi uliotimia huitwa mwezi mpevu, na mtu mwenye busara husifiwa kwa upevu wa akili.

Kutokana na hayo, mwandishi anayezungumzia akili, fikra au busara ya mtoto atafanya vyema kutumia kupevuka: "Akili yake ilipevuka mapema, akawa anauliza maswali ambayo ndugu zake wakubwa hawakuyafikiria." Anayezungumzia ufundi au sanaa atumie kuiva, au aseme kwamba mtu alikuwa mahiri: "Alikuwa ameiva katika upigaji wa udi kabla hajafikisha miaka kumi na miwili." Kukomaa kunafaa kwa mwili, kwa mimea na kwa taasisi, lakini kunataka uangalifu, kwa kuwa katika mazungumzo ya vijana kitenzi hicho kimechukua pia maana ya kukaza mwendo na kutokata tamaa, na msomaji akikuta "alikomaa mapema" katika habari za mwanariadha anaweza kudhani inasifiwa juhudi yake wala si ukuaji wake.

Upo pia wakati ambapo kitenzi cha ukuaji hakihitajiki kabisa, kwa sababu kitenzi cha tendo lenyewe kinatosha. Mtoto aliyezungumza, aliyetembea au aliyesoma hahitaji kuambiwa kwamba alipevuka katika kuzungumza. Inatosha kusema kwamba alikuwa mwepesi wa kuzungumza. Ninaupenda muundo huu wa mwepesi wa, maana umejengwa ndani ya lugha yetu na unabeba wepesi wa kuanza pamoja na wepesi wa kumudu.

Mapema, kabla ya wakati, kabla ya umri

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, na ndipo ninapomwomba msomaji atulie nami kwa muda mrefu zaidi.

Mapema ni kielezi cha wakati kisicho na hukumu. Hakisifu wala hakilaumu, na hakisemi chochote kuhusu ukamilifu wa jambo. Kinasema tu kwamba limetangulia. Kabla ya wakati, kwa upande mwingine, limezoea kuandamana na hasara. Mkataba uliovunjwa kabla ya wakati, mvua iliyokatika kabla ya wakati, kifo kilichomchukua mtu kabla ya wakati: katika yote hayo msikilizaji husikia pengo na upungufu. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, yaani kabla ya wiki 37 za ujauzito kutimia, ambaye Tanzania tunamwita mtoto njiti, amefika katika dunia kabla ya baadhi ya viungo vyake, hasa mapafu, kumaliza kazi ya kukua. Hali hiyo ni kinyume cha ile tunayoitafutia jina, kwa sababu kwa njiti wakati umetangulia na ukuaji umebaki nyuma, ilhali kwa mtoto aliyepevuka mapema ukuaji ndio uliotangulia. Kuwaeleza wote wawili kwa kabla ya wakati ni kufuta tofauti ambayo mzazi yeyote angetaka iwe wazi.

Kabla ya umri, au kuliko umri wake, linafaa zaidi, kwa sababu linataja kipimo. Tukisema "ana busara kuliko umri wake", msikilizaji anajua tunapima nini kwa nini: busara kwa miaka. Ndiyo maana napendekeza kwamba kila mwandishi anayetaka kuandika mapema ajiulize kwanza, mapema kuliko nini? Kama jibu ni umri, autaje umri. Kama ni msimu, autaje msimu. Kama ni wenzake, awataje wenzake.

Umuhimu wa swali hilo unaonekana vizuri katika jambo zito linaloandikwa sana Afrika Mashariki. Baadhi ya waandishi, hasa nchini Kenya, husema ndoa za mapema na mimba za mapema, na wengine, hasa Tanzania, husema ndoa za utotoni na mimba za utotoni. Mimi nasimama na wa pili bila kusita. Neno mapema linadokeza kwamba jambo lenyewe lilikuwa liko njiani na limefika tu siku chache kabla, kama basi lililowahi kituoni. Neno utotoni linasema ukweli kwamba anayeolewa ni mtoto. Msichana wa miaka 13 aliyeozwa hakupevuka mapema, ametwishwa mzigo wa watu wazima akiwa bado hajapevuka, na lugha inayoficha hilo haimtendei haki.

Haraka nalo huchanganywa na mapema. Haraka hupima mwendo tangu mwanzo hadi mwisho; mapema hupima mwisho dhidi ya tarehe iliyotarajiwa. Mahindi ya Katumani, yaliyozalishwa katika kituo cha utafiti kilichoko karibu na Machakos kwa ajili ya maeneo yenye mvua haba, hukomaa kwa takriban siku 90, wakati mbegu ya nyanda za juu kama H614 huhitaji miezi sita au zaidi. Katumani inakomaa haraka, na wakulima wengi huiita mbegu ya muda mfupi, jina ambalo ni sahihi kabisa. Ikikomaa siku ya 90 haikutangulia wakati wake, bali imetimiza wakati wake. Ingekuwa imekomaa siku ya 75, hapo ndipo tungeweza kusema imekomaa mapema.

Kitenzi kuwahi kinaonekana kama mkombozi, maana ndani yake kina mapema tayari. Mkulima husema "embe zimewahi mwaka huu", na hakuna asiyemwelewa. Tatizo ni kwamba kitenzi hicho kikifuatwa na kitenzi kingine katika wakati uliopita hubadilika kuwa habari ya jambo lililopata kutokea: "aliwahi kuimba" humaanisha kwamba kuna siku aliimba, na msomaji hatafikiria umri hata kidogo. Kwa sababu hiyo, kuwahi kutumike peke yake, kwa matunda, mvua, meno na mambo ya namna hiyo, na kisiwekwe mbele ya kitenzi kingine pale ambapo habari ya umri ndiyo kiini cha sentensi.

Sifa na lawama

Kielezi cha Kiingereza kina pande mbili. Mara kinasifu kipaji, mara kinadokeza kwamba mtoto amevuka mpaka, na mara nyingi kinafanya yote mawili kwa pamoja, kwa namna ya mtu mzima anayetabasamu huku akitikisa kichwa. Kiswahili hakituruhusu kukaa katikati kwa urahisi, kwa hiyo mtafsiri hana budi kusoma aya nzima kabla ya kuamua yuko upande gani.

Upande wa sifa tuna utajiri wa kutosha. Methali isemayo kwamba nyota njema huonekana asubuhi imebeba wazo zima: dalili ya ubora ambayo haikungoja mchana. Inafaa sana katika wasifu, mradi isitumiwe kila ukurasa. Tuna pia chipukizi na kinda, ambayo waandishi wa michezo wanayapenda, lakini ikumbukwe kwamba maneno hayo hutaja uchanga tu, wala hayasemi kwamba mchanga huyo ameiva. Pelé alipofunga mabao mawili katika fainali ya Kombe la Dunia la mwaka 1958 nchini Sweden alikuwa kinda wa miaka 17, lakini wachezaji wengi wa miaka 17 ni makinda pia; kilichomtofautisha ni utulivu wa mchezaji aliyekomaa, na hilo lazima liandikwe kwa maneno yake lenyewe.

Upande wa lawama, neno kuu ni ujuvi. Mjuvi ni yule anayejitia kujua na kuingilia mambo ya wakubwa bila adabu, na kielezi kijuvi kipo tayari: "Akamjibu babu yake kijuvi." Kimbelembele na kiherehere yako karibu, ingawa kimbelembele hulaumu kujitokeza pasipohitajika na kiherehere hulaumu haraka ya moyo usiotulia, na hakuna kati ya mawili hayo linalosema kwamba mtoto ana akili kupita umri wake. Ujuvi peke yake ndio unaogusa elimu, japo ni elimu iliyokosa adabu. Mtafsiri akitumia kijuvi mahali ambapo mwandishi wa asili alimsifu mtoto, atakuwa amemchapa mtoto wa watu bila kosa.

Kati ya sifa na lawama kuna vielezi vinavyoundwa kwa ki-. Kiutu uzima ni salama: "alizungumza kiutu uzima" hueleza mtoto aliyezungumza kwa upole na mpangilio wa mtu mzima. Kikubwa kinaonekana kuwa na maana hiyo hiyo, lakini nashauri kiepukwe kila panapohusika mtoto, kwa sababu mambo ya kikubwa katika Kiswahili cha leo ni mambo ya unyumba, na sentensi iliyokusudia kusifu hekima ya binti wa miaka tisa inaweza kusomeka kwa namna ya kuaibisha.

Katika maandishi ya sayansi

Madaktari wanayo istilahi ambayo haivumilii ulegevu. Kubalehe mapema, kwa kipimo kinachotumiwa sana na madaktari, ni kuanza kwa dalili za balehe kabla ya miaka 8 kwa msichana au kabla ya miaka 9 kwa mvulana. Hapa mapema inafaa, lakini ifuatwe na kipimo hicho mara ya kwanza inapotajwa, na maneno ya heshima ya mila kama kuvunja ungo yatumike pale tu yanapohusu hedhi ya kwanza, maana hatua hiyo huja baada ya dalili nyingine na si jina la balehe yote. Kupevuka pia kuepukwe, kwa kuwa mtoto wa miaka 7 ambaye mwili wake umeanza kubadilika hajapevuka akili, na mzazi anayesoma taarifa hiyo asipewe sababu ya kumtendea mwanawe kama mtu mzima.

Wataalamu wa mimea hulitumia neno hili la Kiingereza kwa mti unaochanua kabla ya kutoa majani, kama msufi unavyofanya ukiwa mtupu, na kwa mti unaoanza kuzaa ukiwa mdogo. Kwa maana ya kwanza inatosha kusema wazi kwamba mti huchanua kabla ya majani kutoka. Kwa maana ya pili, kitenzi cha wakulima ni kuzaa: minazi mifupi huanza kuzaa ikiwa na miaka 3 au 4, wakati minazi mirefu huweza kungoja miaka 6 hadi 10.

Kwa wanyama, lugha yetu imetutangulia. Mtoto wa kuku huitwa kifaranga, naye huanguliwa akiwa na manyoya, macho wazi, na ndani ya siku ile ile anatembea na kudonoa. Mtoto wa njiwa huitwa kinda, naye huanguliwa karibu uchi, macho yamefumba, akitegemea kulishwa kiotani. Wanabayolojia wana istilahi mbili za kutenganisha ndege wa aina hizi, na ile ya aina ya kifaranga imetokana na neno lile lile la Kilatini. Anayeandika kitabu cha shule anaweza kuwaita ndege wa aina ya kifaranga na ndege wa aina ya kinda, na mwanafunzi wa darasa la tano ataelewa kabla ya mwalimu kumaliza sentensi. Njia hiyo inafaa hata kwa wanyama wanyonyeshao: ndama wa nyumbu katika Serengeti husimama dakika chache baada ya kuzaliwa, ilhali mtoto wa simba huzaliwa akiwa hajafumbua macho.

Mahali pa kielezi katika sentensi

Jambo la mwisho ni la kiufundi, lakini limeharibu sentensi nyingi nzuri. Mapema ikiwekwa mwishoni hushikamana na kitenzi kilicho karibu nayo, na kwa kuwa maana yake ya kila siku ni asubuhi na mapema, msomaji huchukua maana hiyo kwanza. "Alianza kusoma vitabu mapema" yaweza kumaanisha kwamba alifungua vitabu saa kumi na mbili alfajiri. "Alianza mapema kusoma vitabu" ni afadhali. Lakini dawa ya uhakika ni kutaja umri, na umri ukitajwa kielezi mara nyingi huweza kuachwa: "Alisoma vitabu akiwa na miaka mitatu." Msomaji anajua mwenyewe kwamba watoto huanza darasa la kwanza wakiwa na miaka 6 au 7, na atashangaa bila kuamriwa ashangae.

Vilevile tunavyo vielezi vilivyoundwa kwa -ni kutokana na majina ya umri: utotoni, ujanani, ukubwani, uzeeni. Kimani Maruge, Mkenya aliyejiandikisha shule ya msingi mwaka 2004 akiwa na miaka 84, alijifunza kusoma uzeeni, na hakuna anayehitaji maelezo zaidi ya neno hilo. Kwa upande wa pili, utotoni hufanya kazi hiyo hiyo kwa aliyetangulia, ikiwa tendo linalotajwa ni la watu wazima. Wolfgang Amadeus Mozart, aliyezaliwa Salzburg mwaka 1756, alitunga simfonia yake ya kwanza mjini London akiwa na miaka minane. Maandishi ya Kiingereza yangeweza kusema kwamba alitunga precociously. Kiswahili kinaweza kusema "alitunga simfonia utotoni, kwa mkono ulioiva", na mambo yote matatu yamo: hatua inayojulikana, umri uliotanguliwa, na ukamilifu. Na Eliud Kipchoge alipotwaa ubingwa wa dunia wa mita 5,000 mjini Paris mwaka 2003, mbele ya Hicham El Guerrouj na Kenenisa Bekele, sentensi haihitaji kielezi chochote: "Akiwa na miaka 18, alikimbia kama mkongwe."